Kisa cha Kanungu: nyumba iliyokataa na nyumba zilizouzwa

Mwaka 1989 Joseph Kibwetere alifungua mlango wa nyumba yake huko Kabumba, Ntungamo, akawapokea watu waliosema wametumwa na Bikira Maria. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 17 Machi 2000, ndani ya jengo la ibada la kundi la kidini lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari, mamia ya watu waliteketea kwa moto. Kati ya mlango ule uliofunguliwa na ile iliyofungwa kuna miaka 11, na kisa chenyewe kimo humo.

Kwa kawaida kinasimuliwa kuanzia mwisho: moshi, miili, idadi. Kikisimuliwa hivyo kinakuwa kisa cha wendawazimu wa watu wengine, mbali na sisi. Nimeamua kukifuata kutoka sebuleni, kwa sababu naamini madhara yake yalianzia kwenye jambo ambalo hapa Uganda kila mmoja wetu amelishuhudia: mtu anaamua peke yake juu ya mali na watoto wa nyumba nzima, na chini ya paa lile hakuna mwenye nguvu ya kumwambia hapana. Kibwetere alikuwa wa mwanzo tu. Baada yake waliamua wengine wengi, kila mmoja kwenye boma lake, na maamuzi hayo yote yakakutana Kanungu.

Kibwetere hakuwa mtu wa ovyo. Alizaliwa mwaka 1932. Alikuwa Mkatoliki wa kuaminika, alianzisha shule, alikuwa na ardhi na mifugo, na wakati wa uchaguzi wa 1980 alikuwa mtu wa chama cha Democratic Party (DP) anayejulikana katika eneo lake. Mtu wa namna hiyo akisema neno, watu hunyamaza kumsikiliza. Hilo ni la kushika mapema, maana jirani zetu hupenda kusema kwamba wanaoingia katika mambo haya ni watu wasiosoma na wasio na kitu. Kibwetere alikuwa na kitu. Padri Dominic Kataribabo, aliyejiunga naye baadaye na kuwa mmoja wa viongozi, alikuwa amesoma chuo kikuu Marekani. Kundi zima lilisimama juu ya heshima ya watu waliokwisha kuaminiwa na jamii kwa sababu nyingine kabisa.

Nyakati nazo zilikuwa nzito. Vita vilivyomleta Museveni madarakani vilikuwa vimekwisha mwaka 1986, lakini makovu yalikuwa mabichi. UKIMWI, ambao watu waliuita slimu kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, ulikuwa unazika vijana kila wiki, na hospitali haikuwa na dawa ya kutoa. Upande wa pili wa mpaka, huko Kibeho, Rwanda, wasichana wa shule walikuwa wakisema tangu 1981 kwamba wanamwona Bikira Maria, na mahujaji walikuwa wakimiminika. Wakatoliki wa kusini-magharibi mwa Uganda waliyasikia hayo. Mtu aliyefiwa na wanawe wawili kwa ugonjwa usiotibika, akiambiwa kwamba Mama wa Mungu ametoa ujumbe na njia ya kuokoka, atatega sikio. Siwezi kumlaumu kwa kutega sikio.

Katika hali hiyo akaja Credonia Mwerinde, mwanamke wa Kanungu aliyekuwa akiendesha baa ya pombe na ambaye alisema Bikira Maria amemtokea kwenye pango la Nyabugoto. Alimwambia Kibwetere kwamba Bikira ndiye aliyemtuma kwake. Kibwetere akaamini, akamchukua pamoja na wenzake, akawapeleka nyumbani.

Hapo ndipo napenda tukae kidogo, kwa sababu yale yaliyotokea Kabumba kati ya 1989 na 1992 yana karibu kila kitu kilichokuja kutokea Kanungu, kwa kipimo kidogo. Mwanzoni nyumba iliwapokea wageni kama Wakatoliki wema wanavyopokea watu wa sala. Kisha wageni wakaongezeka, wakaongezeka tena, mpaka boma la familia moja likawa linalisha takriban watu 200. Fikiria jiko hilo. Fikiria mkungu wa matoke unaotosha familia siku 2 sasa ukiliwa kabla ya saa 4 asubuhi. Ili kuwalisha, Kibwetere akaanza kuuza: gari likaenda, mashine za kusagia zikaenda, mali nyingine ikafuata. Mashine ya kusagia kijijini si chombo tu. Ni ada ya shule kila muhula, ni sabuni na chumvi, ni mahali ambapo jirani anakopa unga na kulipa msimu wa mavuno. Ilipouzwa, familia ilipoteza mapato na kijiji kikapoteza huduma, kwa saini ya mtu mmoja.

Halafu mamlaka yakahama. Maneno yaliyosemwa kuwa ya Bikira yalipitia kwa Mwerinde, na kwa hiyo Mwerinde ndiye aliyeamua nani ale nini, nani alale wapi, nani aongee na nani. Mke wa Kibwetere, ambaye alikuwa mama mwenye nyumba kwa miaka karibu 30, alijikuta akiagizwa jikoni kwake mwenyewe. Yeye na watoto walieleza baadaye kwamba walipigwa na kuonewa. Mume alikuwepo na aliona. Kila alipotakiwa kuchagua kati ya watu wake na ujumbe, alichagua ujumbe.

Mwaka 1992 familia ilikataa. Watoto waliokwisha kuwa watu wazima pamoja na wazee wa kijiji waliwaambia wageni waondoke, na wageni wakaondoka. Kibwetere naye akaondoka nao. Familia ilibaki bila baba na bila sehemu kubwa ya mali, lakini ilibaki hai. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na ndilo linalonifanya niandike: katika kisa chote hiki, nyumba ya kwanza kuingiwa na kundi ndiyo iliyoweza kujiokoa, na ilijiokoa kwa sababu mke na watoto walikuwa na mahali pa kusimama. Nyumba ilikuwa bado yao. Shamba la kulima lilikuwa bado lipo. Wazee wa kijiji waliwajua kwa majina na wakaja walipoitwa. Mke wa mtu aliyekwisha kuuza kila kitu na kuhamia kambini hana hata kimoja kati ya hivyo.

Nawapa wazee wa Kabumba heshima yao, lakini nina neno nao. Waliwafukuza wale watu bila kuwafuatilia wanakokwenda. Kijiji kilijisafisha na tatizo likavuka kilima. Kwetu hivi ndivyo tunavyofanya na mwizi, na mchawi, na mganga tapeli, na mwalimu anayewasumbua wasichana: tunamhamisha. Anakohamia watu hawajui historia yake, wanamwona mgeni mwenye adabu na rozari mkononi.

Walihamia Kanungu, kwenye ardhi ya familia ya Mwerinde. Wakati huo Kanungu ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rukungiri. Ilifanywa wilaya mwaka 2001. Mahali hapo walipaita Ishayuuriro rya Maria. Pana bonde, chemchemi na udongo mzuri wa ndizi, na njia ya kufika ilikuwa mbaya kiasi kwamba mtu wa serikali alihitaji sababu kubwa ya kwenda. Walijenga mabweni, kanisa na shule ya msingi. Walilima. Majirani waliwaona kama watu wa kazi na utulivu, na utulivu huo ulikuwa sheria: waumini hawakuruhusiwa kuzungumza isipokuwa kwa sala, eti wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Waliwasiliana kwa ishara. Mume na mke walilala mbalimbali. Watoto walitengwa na wazazi. Chakula kilikuwa kidogo, na siku nyingine walifunga kabisa.

Watu wengi huona kukaa kimya kama jambo la ajabu tu la kidini. Mimi naliona kama kufuli. Mke akiwa na shaka, atamwambia nani? Mume akitaka kurudi kwao, atashauriana na nani usiku, ikiwa hata kulala naye chumba kimoja ni dhambi? Familia huamua kwa kunong'ona, kwa kugombana, kwa kununa siku mbili halafu kuyazungumza. Ukiziba midomo, umebakisha sauti moja tu, ya yule anayesema kwa niaba ya mbingu.

Sasa tuje kwenye mali, ambako ndiko naona moyo wa kisa. Kila aliyejiunga alitakiwa kuuza alichonacho na kuzileta fedha kwa kundi. Kwa mkulima wa Kigezi au Ankole, alichonacho ni shamba, ng'ombe, mbuzi na mabati ya paa. Uuzaji wa shamba kijijini kwetu mnaujua ulivyo. Muuzaji na mnunuzi wanakaa kwenye benchi, karatasi inachanwa kutoka daftari la mwanafunzi, inaandikwa mipaka: upande wa juu kwa fulani, upande wa chini mpaka kwenye mti wa mtoma, upande wa kulia njia ya maji. Mashahidi wanatia saini, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anagonga muhuri, anapewa chochote kidogo kwa usumbufu, na shamba lililolisha vizazi vitatu limekwenda. Anayeuza kwa haraka huuza kwa bei ya kutupa. Siku ile mke anaweza kuwa mtoni, watoto shuleni. Wakirudi jioni wanaambiwa wafunge mizigo.

Yeyote aliyenunua mashamba hayo alijua kwa nini bei iko chini. Mwenyekiti aliyegonga muhuri alijua muuzaji anakwenda wapi. Siwasemi ili niwahukumu, wengi walidhani ni mambo ya imani na mali ni ya mtu. Lakini tukisema uamuzi wa mtu mmoja umeidhuru jamii, tuseme pia kwamba uamuzi ule ulipita mikononi mwa jamii, ukapigwa muhuri, ukalipiwa soda.

Ni lazima niongeze kitu ambacho hoja yangu isingependa kukisikia. Si wote waliopelekwa na waume zao. Wanawake walikuwa wengi sana kati ya waliokufa, na wapo waliokwenda kwa uamuzi wao, wajane hasa, na wake waliowaacha waume nyumbani wakaondoka na watoto. Yupo mwanamume aliyebaki na nyumba tupu na hakuwaona watu wake tena. Kwa hiyo sisemi kwamba tatizo ni baba. Tatizo ni mzazi mmoja, awe nani, kuweza kufuta nyumba nzima bila mwenzake kusikilizwa. Katika jamii yetu mwenye nafasi ya kufanya hivyo mara nyingi ni baba kwa sababu jina lake ndilo liko kwenye karatasi, na basi.

Serikali ilijua kundi lipo. Lilisajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali, na mwaka 1997 lenyewe lilijiandikisha kuwa na waumini karibu 5,000. Shule yao ilifungwa na wakuu mwaka 1998 kwa sababu ya hali mbaya ya usafi na jinsi watoto walivyotumikishwa. Kanisa Katoliki nalo lilikuwa limekwisha kuwasimamisha mapadri waliojiunga. Kila mamlaka ilifanya kipande chake kidogo, ikarudi ofisini. Kufunga shule bila kuuliza watoto wa shule ile wanalala wapi ni kazi ya nusu.

Kundi lilifundisha kwamba dunia itaisha tarehe 31 Desemba 1999. Tarehe ikapita. Jua la Januari likachomoza juu ya watu wasio na shamba, wasio na ng'ombe, wasio na paa, ambao kwao ahadi ilikuwa ndiyo mali pekee iliyobaki. Baadhi walianza kudai vitu vyao. Hapa ndipo unapoona kwa nini nilisema madhara yalikuwa kwenye uuzaji: mtu ambaye bado ana shamba kwao, unabii ukishindwa, huona aibu, hufungasha, hurudi kulima. Majirani watamcheka mwaka mmoja, watasahau. Asiye na pa kurudi hudai. Na waliokuwa wamekula mali yake hawakuwa na cha kumrudishia.

Tarehe nyingine ikatangazwa, ya Machi. Siku za mwisho waumini waliuza vilivyobaki na kulipa madeni madogo madogo waliyodaiwa. Padri Kataribabo alinunua asidi na kusema ni ya betri. Walichinja ng'ombe, wakanywa soda kreti 70, karamu ambayo majirani waliisifu. Watu waliokuwa wakila kwa kipimo miaka mingi walishiba siku ile. Halafu asubuhi ya tarehe 17 wakaingia ndani.

Kwanza polisi walisema watu hao wamejiua. Neno hilo halikudumu wiki. Miili ilipatikana kwenye shimo la choo palepale Kanungu, kisha upekuzi ukahamia nyumba nyingine za kundi. Rutooma walifukua miili 153. Rugazi, nyumbani kwa Padri Kataribabo, 155. Rushojwa 81. Mwishoni mwa Aprili, Buziga, pembeni ya Kampala, 55. Hawa hawakufa kwa moto. Walikufa kabla, na walifukiwa chini ya sakafu na kwenye bustani. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Hesabu ya polisi ilifika 778, na wapo wanaoamini ni zaidi.

Nakaa Kasese. Sisi wasafiri wa barabara ya Mbarara tunavuka daraja la mfereji wa Kazinga pale Katunguru, gari linapanda milima ya Bunyaruguru, na tukikaribia Rugazi hakosi dereva au abiria mzee wa kuyarudia yale ya mwaka 2000, kwa Kiswahili cha barabarani ambacho Mkonjo, Munyankole na Mkongomani wote ndani ya gari wanakielewa. Wanasimulia jinsi wafungwa walivyoletwa kufukua, wakiwa wamefunga majani puani kwa sababu ya harufu. Kinachowaumiza wazee wale kuliko idadi ni mazishi. Huku kwetu mtu huzikwa kwenye ardhi ya familia yake, nyuma ya nyumba au kwenye migomba, na kaburi lile ni hati kuliko hati: linaonyesha kwamba watu wa hapa ni wa hapa. Waliokufa Kanungu walizikwa kwa tingatinga, katika shimo moja, bila majina. Na hata kama ndugu wangeweza kumtambua mtu wao na kumchukua, wangempeleka wapi? Shamba lilikuwa la mtu mwingine.

Madhara ya uamuzi ule yaliendelea kwa walio hai. Kuna koo ambazo zilipoteza tawi zima kwa siku moja, babu, wana na wajukuu. Kuna ndugu waliobaki wakigombana na wanunuzi kuhusu mashamba yaliyouzwa, wakisema yalikuwa ya ukoo na marehemu hakuwa na haki ya kuyauza peke yake, huku mnunuzi akiwa na karatasi yenye muhuri. Familia ya Kibwetere ilibeba jina. Mke aliyekuwa amewafukuza wale watu mwaka 1992, watoto waliosimama naye, wajukuu ambao hawakuwahi hata kumwona babu yao akiwa nyumbani, wote waliitwa kwa jina ambalo mpaka leo, mhubiri akianza kuwaambia watu wauze ng'ombe, mtu husema "huyu ni Kibwetere." Nadhani hilo ni dhuluma kubwa. Nyumba ile ilistahili kuulizwa iliwezaje kukataa.

Haki haikupatikana. Hati za kuwakamata viongozi 6 zilitolewa Aprili 2000. Hakuna aliyefikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Tume ya uchunguzi iliyotangazwa na serikali haikufanya kazi yake. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ilitoa taarifa yake mwaka 2002. Ardhi ya Kanungu ililimwa chai.

Nimewahi kuambiwa kwamba ninakosea kuanza na Kibwetere, kwamba mwenye kundi alikuwa Mwerinde. Inawezekana kabisa kwamba Mwerinde ndiye aliyepanga, na wengi waliochunguza kisa hiki wanaona hivyo. Lakini Mwerinde wa mwaka 1989 alikuwa mwanamke mwenye baa na hadithi ya pango. Aliyempa nyumba, gari, jina na kibali mbele ya watu wa heshima ni Kibwetere. Kila tapeli wa imani anahitaji mtu mmoja mwenye sifa njema wa kumfungulia mlango, na mtu huyo hawezi kusema baadaye kwamba yeye alikuwa mwenyeji tu.

Wengine husema watu wazima walichagua wenyewe. Watoto hawakuchagua. Hoja hiyo kwangu inaishia hapo.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya kizamani. Aprili 2023 jirani zetu Wakenya walianza kufukua msitu wa Shakahola, Kilifi, walikokufa wafuasi wa mhubiri mmoja, na miili ikapita 400. Mwaka huohuo, hapa Uganda, wafuasi wa kanisa moja la Serere waliuza mali zao na kusafiri kwenda Ethiopia kwa sababu waliambiwa mwisho umekaribia, mpaka ikabidi makumi yao warudishwe. Shamba, ng'ombe, safari, ukimya. Mpangilio ni uleule.

Hapo katikati kitu kimoja kimebadilika, na watu wengi vijijini hawakijui vizuri. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, inasema ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Ardhi ya familia ni ile mnayokaa au mnayoitegemea kwa chakula, hata kama jina kwenye karatasi ni moja. Ilipopitishwa, Kanungu ilikuwa tayari imejaa watu. Kwa hiyo siwezi kusema ingewaokoa wale. Ninachosema ni kwamba mwenyekiti wa LC1 anayegonga muhuri leo bila kumwona mke wa muuzaji anashiriki katika mauzo ambayo mahakama inaweza kuyafuta, na mnunuzi anayekimbilia bei ya kutupa anaweza kupoteza fedha na shamba. Mama akijua hivyo ana silaha. Shangazi zangu wawili wameitumia sheria hii, mmoja kwa mume aliyetaka kuuza ili anunue bodaboda, na haikuhitaji wakili. Ilihitaji yeye kufika kwa mwenyekiti siku ya mauziano na kusema mbele ya mashahidi kwamba hakubali.

Sheria hiyo lakini inalinda ardhi. Hailindi ng'ombe, hailindi mashine ya kusagia, na haimzuii mzazi kuwachukua watoto 5 usiku na kuwapeleka kambini. Kwa watoto kuna sheria nyingine. Sheria za Uganda zinampa makamu mwenyekiti wa LC1 kazi ya kuwa katibu wa masuala ya watoto kijijini. Ni yeye anayepaswa kujua mtoto fulani ameacha shule, au familia fulani imefunga nyumba na kuhama bila kuaga, na ni yeye anayepaswa kulipeleka jambo hilo kwa afisa wa ustawi wa watoto wilayani. Nilimuuliza makamu wa kijiji chetu, mzee mwenye busara na anayependwa, kuhusu kazi hiyo. Aliniambia yeye anajua kazi yake ni kuendesha vikao mwenyekiti akiwa safarini. Nilimsomea kifungu, tukakaa muda mrefu. Wiki iliyofuata aliomba orodha ya watoto kutoka kwa walimu wa shule zetu mbili, na majina matatu hayakuwa na mtu aliyejua yaliko. Sasa anayatafuta.